Maji Yenye Paa: Kwa Nini Kujua Kuogelea Hakutoshi

Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa limebeba wanakwaya na jamaa zao kutoka Mwingi kwenda harusini Nuu liliingia katika mto Enziu uliokuwa umefurika. Maji yalilisukuma ubavuni, likaegemea, likapinduka na kuzama mbele ya macho ya watu waliosimama ukingoni. Zaidi ya watu 30 walifariki, watoto wakiwemo. Wapo waliotolewa wakiwa hai, na wenyeji waliojua kuogelea walikuwa miongoni mwa waliojitosa kuwatafuta. Wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji na waokoaji wengine waliletwa baadaye, na siku ya pili basi likavutwa kutoka majini.

Mengi yameandikwa kuhusu uamuzi wa kuvuka mto uliofurika, na hatutayarudia yote hapa. Makala haya yanahusu jambo lililofuata, ambalo huzungumzwa kidogo: kwa nini ni vigumu sana kumtoa mtu aliyenaswa ndani ya kitu kilichozama, na kwa nini muogeleaji hodari anayeingia kumtoa huwa katika hatari tofauti kabisa na ile aliyoizoea mtoni au bwawani.

Wapiga mbizi wa kitaalamu hugawa maji katika aina mbili. Aina ya kwanza ni maji yaliyo wazi juu. Ukipatwa na tatizo lolote, pumzi ikikuishia, miwani ikijaa maji, mguu ukikaza misuli, unapanda moja kwa moja na kukuta hewa. Aina ya pili ni maji yenye kizuizi juu ya kichwa: pango, meli au gari lililozama, kalvati, bomba la bwawa, kisima chembamba. Tuyaite maji yenye paa. Humo njia ya hewa haiko juu. Iko nyuma, kule ulikoingilia, na ni lazima urudi hadi hapo kwanza ndipo upande.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo ukiisoma. Ndani ya maji ndiyo inayoamua kila kitu, kwa sababu mwili wa binadamu ukikosa hewa hukimbilia juu. Hakuna anayemfundisha mtu hivyo. Mtu aliye ndani ya basi lililolala ubavu hupanda na kugonga kichwa kwenye viti au kwenye vioo vya upande wa pili, na kila sekunde anayoitumia kupapasa juu ni sekunde aliyopaswa kuitumia kurudi mlangoni.

Hesabu ya pumzi

Mtu wa kawaida mwenye hofu, aliyetoka mbio kutoka ukingoni, hawezi kubana pumzi kwa muda mrefu. Akiwa ametulia kwenye ukumbi wa nyumba yake pengine atafikisha dakika moja au zaidi. Akiwa anapambana na mkondo, moyo ukimdunda, muda huo hupungua mno; hesabu nusu dakika, au chini yake. Katika nusu dakika hiyo anatakiwa ashuke, apate dirisha, aingie, ampapase mtu gizani, amfungue mkanda au amtoe katikati ya viti, ageuke, alipate tena dirisha lile lile, apite nalo watu wawili, kisha apande. Mtu anayezama naye hatulii kungoja. Humkamata yeyote anayemgusa.

Baadhi ya vijana hujiandaa kwa kuvuta pumzi nyingi za haraka haraka kabla ya kupiga mbizi, wakiamini wanajaza hewa. Hapana. Pumzi za haraka haziongezi oksijeni ya maana katika damu. Kazi yake kubwa ni kuondoa hewa ya ukaa. Na hewa ya ukaa ndiyo inayoamsha ile hamu kali ya kupumua. Ukiiondoa, kengele ya mwili haitalia. Oksijeni inaisha, ubongo unazimika, na muogeleaji anazirai chini ya maji bila kuhisi shida yoyote. Wanaomtazama kutoka juu hudhani bado anaendelea vizuri. Huu mtindo uachwe, hata katika mashindano ya watoto kwenye silanga.

Jambo jingine ni uoni. Mito yetu, iwe Enziu, Tiva, Nzeeu, Kaiti au Thwake, hubeba udongo mwekundu mvua inaponyesha, kwa sababu mteremko wa juu umekosa majani ya kuushika. Ukiingiza mkono hadi kiwikoni huoni vidole. Hata pale maji yametulia, ndani ya gari au pango tope hutua sakafuni, na teke moja la mguu hulitibua likajaa chumba kizima. Mpiga mbizi aliyeingia akiona mlango nyuma yake hugeuka na kukuta ukuta wa kahawia. Taa haisaidii hapo. Mwanga hurudishwa na tope kama taa za gari zinavyorudishwa na ukungu wa asubuhi kule Mbooni.

Waliojifunza kwa kufa

Elimu ya kupiga mbizi mapangoni ilipatikana kwa gharama kubwa. Katika chemchemi za Florida, Marekani, vijana wengi wenye vyeti vya kawaida vya kupiga mbizi baharini walikufa mapangoni katika miaka ya 1960 na 1970. Mpiga mbizi mmoja aliyeitwa Sheck Exley alikaa akazichambua ajali hizo moja baada ya nyingine, na mwaka 1979 akachapisha kijitabu cha kanuni. Aligundua kwamba vifo vilirudia makosa yale yale: hawakuwa na kamba iliyonyooka bila kukatika hadi mlangoni, hawakubakiza hewa ya kutosha kurudi, walikwenda kina kilichowazidi. Baadaye likaongezwa kosa lililo mama wa yote, nalo ni kuingia bila mafunzo ya mahali pa aina hiyo.

Kutokana na kazi hiyo ndipo ilipokubalika kanuni ya theluthi. Hewa ya mtungi hugawanywa mafungu matatu: fungu moja la kwenda, fungu moja la kurudi, na fungu moja haliguswi. Fungu la tatu ni la mwenzako. Mtungi wake ukiharibika mahali pa mbali kabisa, ninyi wawili mtatoka kwa hewa yako peke yako. Kila mmoja pia hubeba taa tatu, kwa sababu taa moja ni sawa na kutokuwa na taa. Na kamba hufungwa nje, mahali penye mbingu wazi, ikafuata mpiga mbizi hadi mwisho wa safari, ili hata akipofuka kwa tope arudi kwa kuishika tu.

Exley mwenyewe alifariki mwaka 1994 akipiga mbizi katika shimo la Zacatón, Mexico. Tunalitaja hili kwa sababu mara nyingi tunasikia hoja kwamba fulani anajua maji, amekulia kando ya Athi, hawezi kufa maji.

Mwaka 2018 dunia nzima iliona somo hilo hilo. Nchini Thailand vijana 12 wa timu ya kandanda na kocha wao walikwama katika pango la Tham Luang tarehe 23 Juni baada ya mvua kulijaza maji. Walipatikana hai tarehe 2 Julai na wapiga mbizi wawili kutoka Uingereza, Rick Stanton na John Volanthen, ambao kupiga mbizi mapangoni kwao ulikuwa ni mchezo wa wikendi. Lakini tarehe 6 Julai, kabla ya kijana hata mmoja kutolewa, Saman Kunan alifariki humo. Alikuwa askari mstaafu wa kikosi maalumu cha wanamaji cha Thailand, mwanariadha, mtu mwenye afya kuliko wengi wetu. Alikuwa amepeleka mitungi ya hewa ndani na akazirai akirudi. Kikosi chake kilifunzwa kupiga mbizi baharini. Pango lenye giza, mkondo na njia nyembamba ni kazi nyingine. Vijana wote 12 na kocha walitolewa kati ya tarehe 8 na 10 Julai, wakiwa wamepewa dawa ya usingizi na kuvalishwa barakoa zinazofunika uso mzima, ili hofu isiwafanye wapambane na waokoaji wao.

Ikiwa hata askari wa namna hiyo aliweza kufa, basi kijana wa Nuu au Kasikeu anayevua shati na kuruka dirishani mwa basi lililozama anafanya jambo ambalo ujasiri wake hauwezi kulipia pekee. Hatumlaumu. Wapo wanaoishi leo kwa sababu ya vijana wa namna hiyo. Tunachotaka ni ajue anaingia wapi.

Paa tulizo nazo hapa

Msomaji wa Kitui au Makueni anaweza kuuliza: sisi na mapango ya maji wapi na wapi? Kwetu mito hukauka na watu huchimba mchangani kutafuta maji. Ni kweli. Hata hivyo maji yenye paa tunayo mengi kuliko tunavyodhani.

Ya kwanza ni magari. Kila msimu wa mvua ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na tena masika, mito iliyokuwa mchanga mtupu asubuhi huja na maji jioni kutoka kwa mvua iliyonyesha mbali. Maji ya kina cha sentimita 30 yanayokwenda kasi yanatosha kulielea na kulisogeza gari dogo. Sentimita 60 huondoa magari mengi, makubwa yakiwemo. Nguvu ya mkondo haiongezeki sawasawa na kasi: kasi ikiwa mara mbili, msukumo huwa mara nne. Ndiyo sababu dereva aliyevuka saa nane bila shida anapinduliwa saa tisa mahali pale pale.

Aprili 2024 huko Kasikeu, Makueni, lori lililobeba watu lilisombwa na mto Muswii, na Shirika la Msalaba Mwekundu likatangaza kuokolewa kwa watu 11. Mkasa ule nao ulikuwa mzito, lakini utazame kwa jicho la makala haya. Waliokuwa nyuma ya lori la wazi walitupwa majini huku mbingu ikiwa juu yao. Waliokuwa ndani ya basi la Enziu walikuwa na bati juu, vioo pande zote, na mlango mmoja.

Ukinaswa ndani ya gari linaloingia majini, una kati ya nusu dakika na dakika mbili ambazo gari bado linaelea. Usipige simu wakati huo. Fungua mkanda, fungua dirisha, watoe watoto kwanza, utoke. Usihangaike na mlango, kwa maana maji ya nje huukandamiza kwa uzito wa mamia ya kilo. Dirisha likikataa, vunja kioo cha ubavuni, pembeni kabisa wala si katikati, kwa chuma cha kile kiegemeo cha kichwa kikichomolewa kitini au kwa kitu chochote chenye ncha ngumu. Kioo cha mbele kina tabaka la plastiki ndani yake, hakivunjiki kwa mkono. Ndani ya basi tafuta tundu la dharura la paani au dirisha la nyuma. Abiria wachache sana huangalia lilipo wanapopanda, na utingo wengi hawalionyeshi.

Paa la pili ni kisima. Visima vya kuchimbwa kwa mkono ni uhai wa vijiji vyetu, na watu hushuka humo kusafisha tope, kuokota ndoo au kurekebisha pampu. Kisima chembamba chenye maji hakina bati juu, lakini mtu aliye chini yake hawezi kutoka bila msaada, na hatari kubwa mara nyingi haiko majini. Iko hewani. Hewa ya ukaa ni nzito, hujikusanya chini. Mahali penye majani yaliyooza hutokea gesi yenye harufu ya yai bovu, ambayo ikizidi huua pua kwanza, ukaacha kuinusa ukadhani imeondoka. Mbaya kuliko zote ni pampu ya petroli inayoshushwa kisimani ili iwe karibu na maji. Moshi wake una kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na hujaza kisima katika muda mfupi. Wa kwanza huanguka. Ndugu yake humwona chini, humshukia haraka, huanguka juu yake. Wa tatu huwa ni jirani.

Wazee wamekuwa wakishusha mshumaa au taa ya mafuta ili kupima. Kipimo hicho huonyesha ukosefu wa oksijeni tu. Taa inaweza kuwaka vizuri mahali penye kaboni monoksidi ya kuua mtu. Pampu ya petroli ikae juu na bomba ndilo lishuke. Na kama imewahi kuwashwa ndani ya kisima, asishuke mtu siku hiyo. Mtu anayeshuka kwa sababu yoyote awe amefungwa kamba kifuani na mabegani, na juu wawepo watu wenye nguvu ya kumvuta bila mmoja wao kushuka.

Ya tatu ni makalvati, na mabomba ya kutolea maji kwenye mabwawa na masilanga. Hili halifahamiki sana, kwa hiyo tulieleze kwa hesabu. Maji yenye kina cha mita 3 hukandamiza kwa uzito wa tani 3 kwa kila mita moja ya mraba. Chukua tundu la bomba lenye upana wa sentimita 30 kwa 30, upande mmoja maji, upande wa pili hewa tupu. Anayelisogelea na kuliziba kwa mgongo au kwa mguu hukandamizwa kwa uzito wa kilo 270 hivi. Hakuna rafiki wa kumbandua. Juu ya maji huoni chochote, pengine duara dogo la maji yanayozunguka, au hata hilo usilione. Wapiga mbizi wa kibiashara duniani kote huiogopa hatari hii kuliko papa, na kanuni yao ni moja: vali hufungwa na kufuli kuwekwa kabla ya mtu kuingia majini. Kwa hiyo bomba la silanga likiziba, asitumwe kijana kwenda kulizibua kwa mkono huku maji yakiwa yamejaa. Jambo hilo hilo linahusu wavuvi na waogeleaji karibu na milango ya maji ya Kindaruma na Kiambere kule Tana, na litahusu bwawa la Thwake, ambalo ukuta wake una urefu wa zaidi ya mita 80.

Paa la nne tumelitengeneza sisi wenyewe. Mahali mchanga ulipochotwa kupita kiasi, ukingo wa mto hubaki umening'inia kama dari, chini yake kukiwa na shimo. Makueni ilipitisha sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015, na sababu kubwa iliyozungumzwa wakati huo ilikuwa maji yetu kupotea. Ipo na sababu hii ya pili. Shimo hilo likijaa maji baada ya mvua, watoto hugeuza kidimbwi cha kuogelea, hupiga mbizi na kuibukia chini ya ukingo. Udongo uliolowa nao hauna ahadi na mtu.

Kuna pia Milima ya Chyulu, na hapa twende haraka. Mvua ya Chyulu haifanyi mito juu ya ardhi; huzama katika mawe ya volkano na kutokea mbali, katika chemchemi za Umani karibu na Kibwezi, na Mzima, ambako ndiko Mombasa hupata sehemu ya maji yake. Milima hiyo ina mapango marefu ya lava, mojawapo, Leviathan, likipita kilomita 10. Ni makavu kwa sehemu kubwa. Anayetaka kuyatembelea aende na waelekezi na kwa idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kuhusu kuingia katika macho ya chemchemi kufuata maji yatokako, asijaribu mtu.

Mtungi wa hewa bila mafunzo

Swali hutokea katika mabaraza kila baada ya mkasa: kwa nini wadi zetu zisinunue mitungi ya hewa wapewe vijana? Jibu ni kwamba mtungi bila mafunzo huongeza vifo. Mtu anayebana pumzi hujua ataishiwa, hivyo haendi mbali. Mwenye mtungi huenda mbali.

Hewa ya mtungi ina tabia zake. Katika kina cha mita 10 kila pumzi hutumia hewa maradufu ya ile ya juu, mita 20 mara tatu. Mapafu yaliyojazwa hewa ya mtungi chini ya maji hutanuka mtu anapopanda. Akibana pumzi kwa hofu, yanaweza kupasuka hata akiwa amepanda mita moja na nusu tu. Hii ndiyo sababu ni hatari kumpa mtu aliyenaswa garini mdomo wa mtungi wako ukamvuta juu. Amevuta hewa yako, hajui kwamba ni lazima aitoe akipanda. Wapo pia wanaofikiria kompresa ya kujaza matairi na mpira mrefu. Kompresa hiyo hupuliza mvuke wa oili, na ikiwa karibu na injini huvuta moshi wake wote na kuupeleka mdomoni mwa aliye chini.

Cheti cha kwanza cha kupiga mbizi, kile wanachokipata watalii Diani au Watamu kwa siku chache, humruhusu mtu kushuka mita 18 pakiwa na mbingu wazi. Hakimruhusu kuingia ndani ya chochote. Anayetaka kuingia hurudi shuleni kwa hatua: kwanza pale mwanga wa jua bado unapofika, kisha ndani zaidi, kila hatua ikiwa na mazoezi ya kufumbwa macho na kufuata kamba. Mabaharia wetu wa Mtongwe hufanya kazi hiyo kama ajira, na bado huchagua njia isiyowaingiza ndani inapowezekana.

Mfano wake tunao, na unatuhusu. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kivuko cha MV Harambee pale Likoni, likiwa na mama na bintiye wa miaka minne, ambao baadaye walizikwa Makueni. Siku zikapita, watu wakakasirika wakiuliza wapiga mbizi wanangoja nini. Gari lilikuwa kina cha mita 58, ilhali kikomo cha mpiga mbizi wa kujifurahisha ni mita 40. Katika kina kile hewa ya mtungi huisha karibu mara saba ya kasi ya kawaida, na nitrojeni iliyomo humlewesha mtu kama pombe. Lilipopatikana, wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji wakisaidiwa na wenzao kutoka Afrika Kusini walilifunga kwa nyaya, na likavutwa hadi juu tarehe 11 Oktoba. Lilikuwa zoezi la siku 13 lenye uchungu kwa familia na kwa taifa. Hakuna mpiga mbizi aliyefariki.

Kufanya nini ukingoni

Kazi ya mwanakijiji ipo, na kubwa kweli, ila iko juu ya maji. Jerikeni tupu la lita 20 lililofungwa vizuri huelea kwa nguvu ya kilo 19 hivi, na mtu huhitaji chache kuliko hizo kushikilia kichwa chake nje. Mawili yaliyofungwa kamba ndefu ni chombo cha uokoaji. Mrushie aliye majini kutoka ukingoni, simama upande wa chini wa mto mahali atakapopitia, jilaze au kaa ili asikuvute. Fimbo ndefu, tawi, shuka zilizofungwa pamoja, vyote hufaa.

Usimfunge muokoaji kamba kiunoni ukamwingiza katika mkondo wenye kasi. Wengi hudhani hiyo ndiyo tahadhari. Kamba ikikaza, maji humsukuma chini na kumshikilia huko, na waliopo ukingoni wakivuta kwa nguvu humzamisha zaidi. Waokoaji waliofunzwa huvaa jaketi lenye mkanda unaofunguka kwa mvuto mmoja. Kamba ya kisimani ni ya kisimani.

Gari likiwa bado linaonekana, wasaidie waliomo wapande juu ya paa lake na wakae hapo. Likiwa limezama kabisa na mkondo ni mkali, tafuta njia ya kulifunga na kulivuta kwa trekta au lori kutoka ukingoni, na wahesabu waliotoka: majina, si idadi tu, kwa sababu wapiga mbizi wakifika swali lao la kwanza litakuwa ni wangapi wamebaki na walikaa viti vya wapi. Aliyetolewa akiwa hapumui aanze kupuliziwa pumzi mara moja na kukandamizwa kifua. Asiinuliwe miguu juu ili kumwaga maji. Huko ni kupoteza muda wake. Na aliyezinduka apelekwe hospitali hata akisema yu mzima, kwa kuwa mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumgeuka saa chache baadaye.

Nambari za dharura ni 999 au 112 kwa polisi, na 1199 kwa Msalaba Mwekundu, bila malipo. Kikosi cha Walinzi wa Pwani, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018, kina jukumu pia katika maziwa na mito ya bara, si baharini pekee, na huitwa kupitia kwa polisi. Unapopiga simu taja jina la mto, jina la kivuko na soko la karibu, kisha sema waziwazi kama watu wako juu ya gari, wameshika mti, au wamo ndani. Neno hilo la mwisho ndilo linaloamua vifaa watakavyopakia kabla ya kuondoka.